Tisini na Tatu

Mwaka wangu wa pili wa ualimu nilimwekea mtoto alama ya kosa kwa sababu alisema kweli. Nimelibeba jambo hilo miaka mingi, na leo naliandika, pamoja na yale niliyojifunza kwa ajili yake.

Nilikuwa nafundisha sayansi darasa la sita katika shule ya msingi iliyo juu kwenye nyanda za Njombe, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai nyasi za huko huamka zimefunikwa sakitu, na watoto huja shule mikono wameificha kwapani. Mada ilikuwa hali za maada: yabisi, kimiminika na gesi. Niliazima vipimajoto vitano kutoka shule ya sekondari ya jirani, nikawagawa watoto makundi matano, kila kundi jiko lake la mkaa na sufuria yake. Kazi ilikuwa nyepesi. Chemsheni maji, someni kipimajoto yakitokota, andikeni namba. Makundi manne yakaandika 100. Kundi la tano, la binti mmoja mkimya aliyezoea kukaa karibu na dirisha, likaandika 93.

Kitabu kilisema 100. Mimi mwenyewe siku iliyotangulia nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Basi nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga alama ya kosa kwenye daftari la yule binti, na pembeni nikaandika: Rudia.

Akarudia. Kesho yake daftari likanijia na 93 ile ile. Nikamwambia kipimajoto chake huenda ni kibovu. Akaomba kingine, akachemsha mara ya tatu mbele ya meza yangu, nami nikaona kwa macho yangu: maji yanatokota kweli kweli, mvuke unapanda, na ule uzi mwekundu umesimama kwenye 93 kama uliopigiliwa msumari. Ningeweza kusimama hapo na kujiuliza. Badala yake nikamwambia vipimajoto vya hapa vyote vibovu, andika 100. Akaandika. Hakubisha, kwa sababu amelelewa asimbishie mwalimu.

Na jambo lenyewe nilikuwa nalila kila siku mezani. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikimwona mama akiinjika maharage baada ya sala ya adhuhuri, na jioni tunayala yameiva, tui limeshakolea. Njombe maharage hayo hayo yalinishinda. Nilikuwa nayaacha jikoni mchana kutwa, naongeza kuni, natia maji, na bado punje inagoma kwenye jino. Mama mwenye nyumba alikuwa akipita ananiambia, "Mwalimu, huku maharage hayaendi kwa haraka ya pwani. Yaloweke usiku kucha, na usiyapigie kelele kwa kuni." Nilidhani anasema juu ya aina ya maharage.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, tuliwapeleka watoto wa darasa la saba kwenye kiwanda cha chai. Darasa lilikuwa lile lile, limepanda tu. Tulizungushwa kwenye majani yanayonyaushwa, kwenye mashine za kusaga, kwenye vikaushio, na mwisho tukafika kwenye boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda. Fundi wa boila alikuwa mtu mzima, ovaroli yake imefifia rangi, na alionekana kufurahi kwamba kuna watu wamekuja kuitazama mashine yake. Watoto wakamwamkia, akaitikia, kisha akatuonyesha geji ya mgandamizo. Mshale ulikuwa umesimama kwenye tisa.

"Humo ndani," akasema, "maji yana nyuzijoto mia na themanini, na bado ni maji."

Mtoto mmoja akamwambia maji yakifika mia yanageuka mvuke. Mzee akatikisa kichwa.

"Maji hayachemki kwa sababu ya moto peke yake, mwanangu. Yanachemka yakimshinda aliyeyakalia. Humo ndani yamekaliwa na mgandamizo mkubwa. Nikiufungua ghafla, yote haya yanataka kuwa mvuke kwa mara moja, na hapa hatabaki mtu." Akatuonyesha vali ya usalama, akatueleza kwamba kila asubuhi anaikagua kabla hajafanya kitu kingine chochote.

Niligeuka. Yule binti alikuwa ananitazama. Hakusema neno, wala uso wake haukuwa na lawama. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake afike mahali ambapo yeye ameshafika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilitoa daftari langu la chuo na vitabu vyote nilivyokuwa navyo, nikaanza upya kwa kufuata maneno ya yule mzee: aliyeyakalia maji ni nani?

Ni hewa. Tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na hewa ina uzito. Pale ufukweni Tanga, kila sentimita ya mraba, eneo linalokaribia ukucha wa kidole gumba, inabeba juu yake hewa ya kama kilo moja. Hatuuhisi mzigo huo kwa sababu miili yetu inausukuma kutoka ndani kwa nguvu iyo hiyo. Vitabu vya shule vinauita kanieneo, watabiri wa hali ya hewa wanauita mgandamizo. Nitatumia mgandamizo, maana jina hilo linajieleza.

Sasa itazame sufuria. Chembe za maji hazitulii. Zinajongea, zinagongana, na papo hapo zinavutana, ndiyo maana maji hukaa pamoja badala ya kutawanyika. Jotoridi ni kipimo cha jinsi chembe hizo zinavyohangaika. Zile zenye kasi zaidi huchomoka juu ya maji na kuwa mvuke, na mvuke huo una msukumo wake. Maji ya nyuzijoto 25 yanasukuma kwa kama asilimia 3 tu ya mgandamizo wa hewa ya pwani. Yakifika 60 yanasukuma kwa asilimia 20. Kila ukipasha, msukumo unaongezeka, na unaongezeka kwa kasi. Siku msukumo huo unapolingana na mzigo wa hewa, povu la mvuke linaweza kuzaliwa katikati ya maji, chini kabisa ya sufuria, na lisipondwe. Huko ndiko kuchemka. Kabla ya hapo, povu lolote linalojaribu kutokea ndani hubanwa likafa.

Pwani, kulingana huko hutokea kwenye 100. Lakini ukipanda mita 2,000, zaidi ya sehemu moja ya tano ya hewa umeiacha chini yako. Mzigo uliobaki ni kama asilimia 78 ya ule wa pwani. Na je, maji yanasukuma kwa asilimia 78 yakiwa na nyuzijoto ngapi?

Tisini na tatu.

Nilikaa na namba hiyo kwenye mwanga wa taa hadi mafuta yakakaribia kuisha. Vipimajoto vyote vitano vilikuwa vizima. Watoto wa makundi manne walinipa nilichotaka, na mmoja alinipa kilichokuwepo.

Na maharage nayo yalikuwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Kinacholainisha punje ni jotoridi la maji, na maji yakishaanza kuchemka hayapandi tena hata kidogo. Kuni zote nilizokuwa naongeza zilikuwa zinatengeneza mvuke mwingi zaidi na kuimaliza misitu, huku maharage yakibaki kwenye 93 yao. Ukitaka kuyaharakisha huna budi kuyakalia. Sufuria ya presha inafunga mvuke ndani, mgandamizo unafika kama mara mbili ya kawaida, na maji yanafika karibu nyuzijoto 120 kabla ya kuchemka. Mfaransa Denis Papin aliitengeneza ya kwanza mwaka 1679 akiwa London, na akaiwekea vali ya usalama, ndugu wa ile vali ambayo mzee wa boila anaikagua kila asubuhi. Ningekuwa na uwezo, kila nyumba ya nyanda za juu ingekuwa nayo moja.

Lililoniuma zaidi ni kugundua kwamba ukweli huu haukuwa umefichwa. Anders Celsius, Mswidi ambaye jina lake liko kwenye kila kipimajoto tunachonunua, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742 alijua vizuri kwamba maji hayachemki mahali pamoja kila siku, kwamba mgandamizo wa hewa ukibadilika na namba nayo inabadilika. Aliweka kiwango chake kwa mgandamizo maalumu. Yaani kiwango hicho cha kuchemkia kilizaliwa na sharti lake shingoni. Njiani kuelekea kwenye kitabu changu sharti likadondoka, ikabaki namba peke yake, nami nikaitumia kumpigia mtoto alama ya kosa.

Ndiyo maana najali sana jinsi tunavyofundisha mada hii. Tunawaambia watoto: pasha barafu iwe maji, pasha maji yawe mvuke, poza vyote virudi. Moto juu, moto chini. Tunamtaja mmoja wa wakubwa wawili, joto, na kumwacha mwenzake, mgandamizo, nje ya mlango.

Tangu hapo nimekuwa na jaribio ambalo silikosi mwaka wowote. Nachukua bomba la sindano jipya, la mililita 20, lisilo na sindano. Navuta ndani yake maji moto kidogo, ya nyuzijoto 60 au 70, ambayo mtu anaweza kuyaona hayachemki. Natoa hewa yote, naziba tundu kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kisha navuta mchi kwa nguvu. Maji yanatokota. Hakuna moto, hakuna mkaa, nimeyapunguzia mzigo tu. Nikiachia, yanatulia. Nikivuta tena, yanatokota tena. Hakuna darasa ambalo halijanyamaza hapo.

Mwenye pampu nzuri ya kunyonya hewa anaweza kwenda mbali kuliko mimi na bomba langu. Kwenye mgandamizo wa kama sehemu 6 katika 1,000 za ule wa pwani, na nyuzijoto 0.01, maji huchemka na kuganda kwa wakati mmoja: barafu, maji na mvuke vikiwa pamoja chomboni, hakuna anayemfukuza mwenzake. Mgandamizo ukishuka chini ya hapo maji hayawezi kuwa kimiminika kabisa. Barafu ikipashwa huwa mvuke moja kwa moja. Hewa ya sayari ya Mars imekaa karibu na mpaka huo huo, ndiyo maana huko ukimwaga ndoo ya maji hupati dimbwi la kudumu.

Lakini huna haja ya kwenda Mars wakati mfukoni una kiberiti cha gesi. Chukua kile cha plastiki kinachopenyeza mwanga, ukiinue juani. Unaona maji yanacheza ndani. Ni butani, kitu ambacho kwenye hewa ya kawaida huchemka karibu na nyuzijoto sifuri, yaani hata sakitu ya Njombe inatosha kukitibua. Tanga mchana wa Februari kingekuwa gesi tangu zamani. Kimekaa kimiminika kwa sababu kiko kifungoni, kimekaliwa na mgandamizo wa kama mara mbili na nusu ya ule wa hewa. Ukibonyeza unafungua mlango, kinachemka, kinatoka kama gesi, unakiwasha.

Mtungi wa jikoni ni kiberiti hicho kilichokuzwa. Ndani kuna mchanganyiko wa butani na propani, na propani ni mjeuri zaidi: inachemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri, na kuituliza kwa joto la kawaida kunahitaji mgandamizo wa kama mara nane au tisa ya ule wa hewa. Faida yake ni kubwa. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka huwa zaidi ya lita 200 za gesi. Bila mgandamizo, gesi unayopikia kwa mwezi ingehitaji chumba kizima.

Ukielewa hilo, mambo mengi ya jikoni yanajieleza. Mtungi ukitumika kwa moto mkali hupoa na kutoa jasho la umande, kwa sababu kinachochemka ndani kinanyonya joto kutoka kwenye chuma. Asubuhi za baridi kali kule juu moto hufifia hata kama mtungi una gesi, hasa butani ikiwa nyingi, kwa kuwa haina joto la kutosha kuchemkia. Na moto haupungui taratibu kadiri gesi inavyoisha, maana mgandamizo ndani unabaki karibu ule ule mpaka tone la mwisho la kimiminika ligeuke. Anayetaka kujua kilichobaki aupime mtungi kwa mizani. Nimewaona watu wakiumwagia mtungi maji ya moto au kuusogeza kwenye jiko la mkaa ili moto uchangamke. Nawasihi, msifanye hivyo. Kumbukeni maneno ya mzee wa boila.

Watu huniuliza: sisi tuna gesi yetu, ya Songo Songo inayofika Dar es Salaam tangu 2004, na ya Mtwara iliyowekewa bomba mwaka 2015, kwa nini haijazwi kwenye mitungi kama hii tuipikie kijijini? Nimesikia majibu mengi ya siasa kwa swali hilo. Jibu la maumbile linatangulia yote. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani kwa joto letu huwezi kuifanya kimiminika hata ukiikandamiza namna gani. Magari na bajaji zinazoitumia Dar hubeba methani iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa kama mara 200, kwenye mitungi minene na mizito, na humo ndani bado ni gesi. Ili iwe kimiminika lazima kwanza ishushwe chini ya nyuzijoto 82 chini ya sifuri, na kuisafirisha melini kwa mgandamizo wa kawaida hupozwa mpaka 162 chini ya sifuri. Ndiyo kazi ya kiwanda kikubwa kinachozungumziwa kule Lindi kwa miaka mingi.

Hapa ndipo uhusiano wa hawa wakubwa wawili unaponipendeza zaidi. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwahi kuzikandamiza gesi nyingi mpaka zikawa kimiminika, lakini chache zilimgomea yeye na wenzake, zikaitwa gesi za kudumu. Thomas Andrews, aliyekuwa akifanya kazi Belfast, akaeleza mwaka 1869 sababu yake kwa kutumia hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Kila gesi ina jotoridi lake la ukomo. Chini ya hapo, mgandamizo una kauli. Juu ya hapo, kandamiza unavyotaka, mstari unaotenganisha kimiminika na gesi haupo tena. Kwa hewa ukaa ukomo huo ni nyuzijoto 31.

Thelathini na moja! Ule mtungi wa kuzimia moto wenye hewa ukaa, uliotundikwa kwenye korido ya ofisi, asubuhi yenye ubaridi una kimiminika ndani yake. Tanga mchana wa Februari, feni zikiwa zimezimika na joto limefika 33, kilichomo mle ndani hakiitwi kimiminika wala gesi kwa maana tuliyoizoea. Uso wa kimiminika umeyeyuka, kitu ni kimoja. Jioni upepo wa bahari ukikipoza vya kutosha kinagawanyika tena. Nimepita chini ya mitungi ile maisha yangu yote bila kujua. Na hewa ukaa hiyo ikipulizwa nje hutoka na chembe nyeupe kama theluji, za nyuzijoto 78 chini ya sifuri, ambazo hupotea hewani bila kulowesha sakafu. Kimiminika chake hakiwezi kuwepo mgandamizo ukiwa pungufu ya kama mara tano ya ule wa hewa yetu.

Niseme neno juu ya milima, kwa sababu watu wa kusini mwa nchi yetu wamejengewa juu ya somo hili. Chini ya Rungwe, ambao ni mlima wa volkano, chini ya bonde lote la ufa, kina cha makumi ya kilomita, kuna mwamba wenye nyuzijoto zaidi ya 1,300. Mwamba kama huo ukiuleta juu ya ardhi ungekuwa uji. Kule chini ni yabisi, kwa sababu umekaliwa na uzito wa miamba yote iliyo juu yake, na mgandamizo huuzuia usiyeyuke kama boila inavyozuia maji. Ardhi ya Afrika Mashariki inavutwa, inakonda, na mwamba wa chini unapanda polepole kujaza nafasi. Unapopanda mzigo wake unapungua. Hakuna aliyeupasha, tena njiani unapoa kidogo, lakini sehemu yake inayeyuka kwa sababu tu ya kupunguziwa mzigo. Mtu akiuliza nani amewasha moto chini ya Rungwe, sehemu kubwa ya jibu ni kwamba mfuniko umelegea.

Na katikati kabisa ya dunia, kwenye kiini cha ndani alichokigundua Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, mwaka 1936 kwa kusoma mitikisiko ya matetemeko, chuma kiko kwenye nyuzijoto zaidi ya 5,000 na ni yabisi, kimebanwa na mgandamizo wa zaidi ya mara milioni tatu ya huu wetu.

Kuna neno moja la Kiswahili katika historia hii ambalo nalipenda. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Rabai, aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wake wa safari ni nini. Yule mtu hakusema theluji wala barafu. Alisema: baridi. Alikitaja kitu kwa jina la kinachokifanya. Na ukifuatilia baridi hiyo inatoka wapi, unakutana tena na mgandamizo: hewa ikipanda mlima mzigo wake unapungua, inatanuka, na ikitanuka inapoa. Juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mgandamizo ni nusu tu ya ule wa Mombasa, na chai inachemka karibu nyuzijoto 80.

Miaka kumi baadaye, Februari 1858, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika kwa njia ya msafara, wakiwa hoi kwa maradhi. Walitaka kujua ziwa liko juu kiasi gani. Walifanyaje? Walichemsha maji, wakasoma kipimajoto. Wapimaji wa wakati ule walifanya hivyo kila mahali, kwa sababu sehemu ya kuchemkia hushuka kama nyuzijoto moja kwa kila mita 300 unazopanda. Walikosea: kimo walichopata kilikuwa chini ya kile halisi, mita 773, kwa zaidi ya mita 150, ambayo kwenye kipimajoto ni chini ya nyuzijoto moja tu. Agosti mwaka huo Speke alifika Mwanza bila Burton, akachemsha tena, na namba ikamwambia kwamba ziwa hili la pili liko juu sana kuliko lile la kwanza. Hiyo ilikuwa moja ya hoja alizosimamia kusema chanzo cha Nile ni hapa.

Niliposoma habari hiyo niliona kile ambacho yule binti alinipa. Toa 93 kwenye 100, zidisha na 300. Unapata 2,100, na shule yetu iko karibu mita 2,000. Mtoto wa darasa la sita, kwa kipimajoto cha kuazima na jiko la mkaa, aliupima mlima aliozaliwa juu yake, nami nikamwambia afute.

Wiki ile ya kiwanda cha chai nilimwita mbele ya darasa. Nilimwomba daftari lake la mwaka uliopita, nikidhani limeshachanwa. Alikuwa nalo, limejaladiwa kwa gazeti. Ile 100 niliyomlazimisha aliiandika kwa penseli. Zile 93 tatu zilikuwa kwa wino. Nikawaambia wote kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea, nikaeleza kwa nini, nikafuta 100 kwa raba na kuweka vema juu ya kila 93. Nikamwomba msamaha. Akaitikia kwa sauti ndogo, "Ndiyo, mwalimu." Kisha akanyoosha mkono.

"Na kwenu Tanga, mwalimu, ni mia kweli?"

Nikamjibu kwamba sijawahi kupima.

Likizo ya Juni nilisafiri na kipimajoto nimekifunga ndani ya soksi katikati ya nguo. Jikoni kwa mama niliinjika sufuria ya maji, nikachuchumaa mbele yake. Mama akapita mara mbili, mara ya tatu akasimama. "Mwanangu, maji hayo yana nini unayatazama hivyo?" Uzi ukapanda. Ukapita 93, povu halijafumuka. Ukapita 96. Maji yalipotokota ulikuwa umesimama kwenye mstari wa 100.

Shule ilipofunguliwa nilimkuta tayari amekaa pale karibu na dirisha. Nikampa karatasi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akanitazama.

"Ulirudia, mwalimu?"

"Mara tatu," nikamwambia.

Akachukua kalamu ya wino, akaandika.